Mwacheni avae kofia

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, mwenye ualbino, alivuliwa kofia paredini. Ilikuwa pama ya ukingo mpana aliyonunuliwa na bibi yake. Akaambiwa si sare ya shule. Kufika saa nne masikio yalishaiva na mdomo wa chini umepasuka. Nafundisha baiolojia, na naamini aliyemvua kofia ile hakukusudia ubaya. Hajui tu jua linafanya nini ndani ya chembe (seli) ya ngozi.

Doti ya kanga ukishaikata katikati, usipoipinda inafumuka, na kila ukiifua nyuzi zinapungua. Kromosomu zetu, zile nyuzi za DNA zinazobeba urithi ndani ya chembe, nazo zina pindo, nalo ni telomea: herufi sita za DNA, TTAGGG, zilizorudiwa mara maelfu. Kila chembe inapojigawa, pindo linafupika. Likifupika mno, chembe inaacha kujigawa, na hiyo ndiyo breki yetu dhidi ya saratani. Lakini fundi wa kushona pindo upya yupo: kimeng'enya kiitwacho telomerasi. Elizabeth Blackburn na Carol Greider walikigundua kwenye kijidudu cha majini chenye chembe moja, na mwaka 2009 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Jack Szostak.

Kwenye ngozi, fundi huyu anabanwa sana. Tabaka la chini linalozaa chembe mpya linamtumia kidogo. Kwingine kwingi jeni yenye maelekezo ya kumtengeneza, TERT, imezimwa. Saratani haiwezi kukua bila kikomo pindo likizidi kufupika, hivyo takriban asilimia 85 hadi 90 ya saratani humwita fundi arudi kazini.

Anarudije? Mwaka 2013 watafiti wa Boston na wa Heidelberg walionyesha njia moja kwenye melanoma, saratani ya chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Mbele ya jeni ya TERT kuna kipande kinachoamua kama jeni isomwe au isisomwe. Ni swichi yake. Hapo herufi moja tu, C, inageuka T, ama herufi 124 ama 146 kabla ya mwanzo wa jeni. Kati ya uvimbe 70 waliopima wa Boston, 50 ulikuwa na badiliko mojawapo. Herufi hiyo mpya inaipa protini iitwayo GABP mahali pa kushika, nayo inaiamsha jeni. Na C kugeuka T namna hii ni alama ya mionzi ya jua. Baadaye mabadiliko hayohayo yakaonekana pia kwenye saratani ya chembe bapa za ngozi, ile inayowashambulia zaidi ndugu zetu wenye ualbino. (Sisi wengine weusi, melanoma hututokea zaidi nyayoni, na huko swichi hii hubadilika mara chache. Tukague nyayo zetu pia.)

Linaloniuma zaidi lilionekana mwaka 2017. Swichi ikishabadilika, pindo halirefuki papo hapo. Telomerasi inayopatikana inatosha kuponya yale mapindo mafupi kupita yote tu. Mengine yanaendelea kupungua, chembe inaendelea kuishi, na telomerasi inakuja kuongezeka baadaye sana. Ina maana herufi inaweza kuharibika leo, ngozi ikapona, mtoto akamaliza shule, akaoa, ndipo kidonda kisichopona kitokee sikioni. Kwa hiyo ninaposikia mwalimu mwenzangu akisema "atazoea jua", moyo unanienda mbio. Chembe haizoei. Herufi iliyogeuka inarithishwa kwa kila chembe inayozaliwa kutoka kwa ile.

Dawa ya kumzuia fundi huyu kwenye saratani ya ngozi bado haijafika kliniki zetu. Kofia ipo. Shati la mikono mirefu lipo. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun yanatengenezwa hapahapa Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Nimemwandikia mkuu wa shule barua ya ukurasa mmoja. Naomba pama iingizwe kwenye orodha ya sare, mstari mmoja tu chini ya soksi, na kijana yule asimame kivulini wakati wa paredi.