Upepo wa kwenye gemu la gofu
Yani hili gemu la gofu kwenye simu linanikera aisee. Jana usiku niko kibarazani Shangani, kusi inavuma ya kweli, nacheza shimo la mita 140, upepo wa mbele, bendera ya shimo iko kilimani mita 10 juu, nikajumlisha nikapiga kama la mita 160, mpira ukapaa weee ukasimama hewani ukadondokea mchangani! Upepo wa mbele unakula mpira kuliko wa nyuma unavyousaidia, hilo nalijua, na ukiupiga juu ndo unapeperushwa zaidi, sawa, ila kale kamshale ka kuonyesha upepo kwenye gemu kamekaa kadogo pembeni hata hakatikisiki. Mvuvi wa Mikindani anaangalia tanga anajua. Waifanye basi hata bendera ipepee tuone!