Ng'ombe hakuwepo, alikuwa mbuzi

Naandika hii leo leo kabla haijafika kwa mashangazi wa Dar. Kuna mshkaji, simtaji ila anajijua, ameshairusha kwenye grupu letu la form six kwamba eti nimenunua ng'ombe kanisani halafu nikazimia. Sikuzimia. Nilikaa chini. Na ng'ombe hakuwepo.

Mnaonifuata mnajua toka mwezi wa kumi wimbo wangu ni mmoja, PhD Marekani. Vyuo vitatu, dedilaini zote kati ya tarehe 1 na 15 Desemba, viwili vikanisamehe fii, cha tatu kikagoma kikala dola 75 zangu ambazo kwa hela yetu ni kama laki mbili hivi, na nilizilipa huku natetemeka. Sasa kila chuo kinataka barua tatu za rekomendesheni. Mbili ziliingia mapema. Ya tatu ilikuwa kwa mwalimu wangu wa chuo, mtu mwema sana, mcha Mungu, ila kuandika barua kwake ni mpaka apakwe mafuta. Kwenye akaunti ya maombi kuna kitufe cha kumkumbusha, nimekibonyeza mara 14, na meseji juu, mpaka shikamoo zangu zikaanza kunuka deni. Bahati vyuo huwa vinavumilia barua zikichelewa kidogo, mradi wewe fomu yako umeituma kwa wakati.

Kosa langu ni kumweleza mama. Nikamwambia vizuri tu, mama, majibu yanaanza kutoka kama mwisho wa Januari, mengine mpaka Machi, na ukipata unapewa mpaka tarehe 15 Aprili uamue. Mama alichobeba hapo ni neno Januari. Akalipeleka jumuiya. Toka mwaka mpya naombewa huku juu Machame kama mgonjwa, kila nikipita njiani naulizwa "vipi, wazungu wamesemaje?" Baba mdogo yeye akagoma kabisa kuelewa, kwamba mtu atoke Machame apande ndege akasomee magonjwa ya migomba Marekani. "Migomba si hii hapa?"

Haya, Jumapili.

Ibada imeisha, tuko nje kwenye mnada. Kama hukukulia kanisa la huku nikueleze haraka, watu wanatoa sadaka ya vitu, ndizi, mayai, maparachichi, kuku, halafu vinanadiwa pale pale uwanjani hela inaenda kanisani. Siku hiyo mtu katoa mbuzi. Beberu jeusi, lina doa jeupe kwenye paji la uso, kamba ya katani shingoni, linatafuna jani la mgomba kwa dharau. Mimi nimesimama nyuma, mfukoni mwa simu nina 11,300, nimekuja kuangalia tu wenye hela wakitambiana. Mzee mwenye duka la hadwea na mama mmoja wa mjini walikuwa wamefika 210,000 na mzee wa kanisa anayenadi amepata moto, "laki mbili na kumi, mara ya kwanza, jamani tunamwachia Mungu hivi hivi?"

Simu ikatetemeka.

Simu yangu kioo kimepasuka, ufa umepita katikati, na jua la saa sita lile. Nikaikinga kwa kiganja. Notifikesheni, jina la chuo, cha zile dola 75. Chini yake mstari mmoja wa Kiingereza ambao kwa Kiswahili unasema: tunayo furaha kukujulisha kwamba maombi yako... halafu vidoti vitatu.

Sikufungua. Ndugu zangu naomba mnielewe, sikufungua. Ningebonyeza tu mara moja haya yote yasingekuwepo. Na akili timamu ingejiuliza, Jumapili saa sita mchana Moshi, kule mashariki ya Marekani ni saa kumi alfajiri, ni profesa gani ameamka saa kumi alfajiri Jumapili kwa ajili yangu mimi? Lakini akili haikuwepo. Nilirusha mikono yote miwili juu nikapiga kelele "ASANTE YESU!"

"Laki mbili na ishirini, kijana wetu pale nyuma! Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, AMECHUKUA!"

Mzee wa hadwea akanipigia makofi. Namwona mpaka sasa hivi, lile tabasamu la mtu aliyeokolewa 220,000.

Na bado ningeweza kujitetea, nikasema hapana baba, nilikuwa nafurahia jambo jingine. Ndicho nilichosema. "Samahani baba, sio mbuzi, ni chuo, nimepata chuo." Mama alikuwa upande wa pili karibu na mayai. Vigelegele alivyopiga sijavisikia hata harusi ya dada. Nikasukumwa mbele, kamba ya beberu mkononi sijui nani kanipa, mchungaji akatoka ofisini na joho bado, kapu likaanza kuzunguka la kunichangia nauli, halafu nikaona maiki inakuja usoni kwangu. "Hebu tusomee huo ujumbe mwanetu, tubarikiwe wote."

Hapo ndo nikaifungua. Kwa mara ya kwanza. Mbele ya usharika mzima, na spika zile zinazosikika mpaka ng'ambo ya korongo.

Nikaanza kutafsiri kwa sauti kabla macho hayajafika chini. "Mpendwa mwombaji."

"AMINA!"

"Tunayo furaha kukujulisha kwamba maombi yako..." na hapo nikaona maneno yanayofuata. Tumbo likashuka. Sasa nifanyeje, maiki iko hewani, watu mia mbili wananitazama mdomoni. "...maombi yako yamepokelewa. Yamekamilika."

"AMEEEEN!" Kwaya ikaingia na pambio. Jamani. Hiki Kiswahili chetu nani alikipanga hivi, kwamba kuaplai chuo na kupiga magoti ni neno moja?

Nikasubiri pambio liishe. Nikasema, ngojeni kidogo wapendwa, haya maombi sio maombi, namaanisha yamepokelewa ila hayajajibiwa. "YATAJIBIWA!" Nikasema kilichotokea ni barua ya tatu ndo imefika. Bibi mmoja wa mbele akatikisa kichwa kwa kuelewa kabisa, "Ya Yohana hiyo, fupi, ila ina upako."

Mchungaji ndo aligundua. Aliinama kwenye simu yangu, akasoma mwenyewe, anajua Kiingereza yule, nikamwona anafika mwisho wa aya, anarudi juu, anasoma tena. Hakusema kitu. Alinishika bega. Kimya kikashuka kutoka mbele kwenda nyuma, na katikati ya kile kimya bibi akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Kwa hiyo kapita au hajapita?"

Beberu likajibu meee.

Hapo ndo nilikaa. Nilikalia mkungu wa ndizi wa watu ambao ulikuwa haujanadiwa bado.

Mengine ya kawaida. Kapu lilitoka na 87,500, wakasema mwachieni alipie mbuzi, zilizobaki mama kamalizia na ananikumbusha kila akipika. Mkungu wamenisamehe. Mbuzi tunaye, watoto wa jirani wanamwita Daktari, mimi namwita mwombaji mwenzangu maana na yeye hajui hatima yake. Majibu bado, chuo hakijasema lolote, na mshkaji wangu mwenye ng'ombe wako, ukome.

Mwalimu nilimwandikia kumshukuru, sikumwambia yaliyotokea. Kanijibu jana usiku: "Samahani kijana wangu kwa kuchelewa, nilituma ile moja asubuhi kabla sijaenda ibada ya pili. Hivyo vyuo viwili vilivyobaki nitavimalizia Jumapili hii."

Jumapili hii simu inabaki nyumbani, na mama ameshaniuliza kwa nini.