Bonde la Sigi lipandwe kwa miguu na kwa baiskeli

Kila mwaka, masika yakishakatika na njia kuanza kukauka, huipakia baiskeli yangu juu ya basi litokalo Tanga, nikashuka Muheza, na kuanzia hapo nikakwea kwa nguvu za miguu yangu hadi Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Ni mwendo usiofika kilomita 40, nami huufanya kuwa kazi ya siku nzima. Nimeulizwa mara nyingi, tena na watu ninaowaheshimu, kwa nini mtu mwenye nauli mfukoni ajichoshe namna hiyo. Makala hii ni jibu langu kwao, na ni ombi kwa wenye dhamana ya njia za kule juu.

Bonde la Mto Sigi, ambalo njia hii hulipanda, halionekani vizuri kutoka ndani ya gari. Ukitoka Muheza unaanza na michungwa na joto lile lile la pwani, na kwa muda mrefu unadhani milima iliyo mbele yako haisogei. Ukikaribia kijiji cha Kisiwani mashamba yanaanza kuchanganyika na miti mikubwa, na ukifika Sigi, kwenye lango la kuingilia hifadhi ya msitu, kwenye mwinuko wa mita 450 hivi, msitu unakufunika na sauti ya maji inakuwa karibu. Kutoka hapo hadi Amani ni kona juu ya kona, na umepanda mita nyingine 450 kabla ya kuona nyumba za kwanza. Mwenye gari anasikia injini ikibadilisha gia. Mwenye baiskeli anaisikia hewa ikibadilika kwenye ngozi yake, kwa sababu kuna kona moja ambayo kabla yake jasho linachuruzika na baada yake jasho hilo hilo linakuwa baridi mgongoni. Hapo ndipo huelewa kwa mwili wangu kwa nini Amani hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka: upepo wenye unyevu unatoka baharini, unagonga ukuta huu wa milima, unalazimika kupanda kama ninavyopanda mimi, unapoa na kuangusha mzigo wake.

Sehemu zenye mwinuko mkali hushuka na kuisukuma baiskeli, na sioni haya kusema hivyo, kwa kuwa mafundi hasa wa njia ile nao husukuma. Nawazungumzia wakulima wanaoteremsha ndizi na mihogo kwa baiskeli zisizo na gia. Mwaka jana nilipumzika kando ya njia nikamtazama mzee mmoja aliyekuwa akiteremka na mikungu minne ya ndizi, miwili ikiwa imening'inia kila upande wa keria. Breki za mbele zilikuwa zimekwisha zamani. Mahali pake alikuwa amekata kipande cha tairi kuukuu, akakifunga kwa mpira wa tyubu chini ya kiatu cha kulia, na kila mteremko ulipozidi alikikandamiza juu ya gurudumu la nyuma hadi harufu ya mpira ulioungua ikanifikia nilipoketi. Nilimwamkia, “Shikamoo, babu,” akaitikia, “Marahaba, mwanangu, pole na mlima,” bila kuyaondoa macho yake njiani. Yeye ndiye aliyestahili kupewa pole.

Mwendo wa mguu una faida nyingine, nayo ni kuona vitu vidogo. Kwenye miamba yenye kivuli iliyo karibu na vijito huota dughulushi, ua la zambarau lenye majani manene yenye manyoya laini, ambalo mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na afisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, na ambalo mwaka 1893 lilipewa jina la kitaalamu la Saintpaulia kwa heshima yake. Tangu hapo limejaa kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani. Hapa kwao ni ua adimu linaloshikilia ufa wa jiwe, na mtu aliye ndani ya gari atalipita mara mia asilijue. Mimi nililiona kwa mara ya kwanza mnyororo ulipokatika nikaketi kuutengeneza.

Msitu huu, ijapokuwa unaonekana wa kale na mtulivu, una historia ya kukatwa. Wajerumani waliweka kituo chao cha utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902, wakajenga reli ndogo kutoka Tengeni hadi Sigi kwa ajili ya kuteremsha magogo, na nyumba ya kituo hicho cha reli ingalipo pale Sigi, ikipokea wageni. Ukataji uliendelea kwa vipindi hata baada ya uhuru. Ni mwaka 1997 tu ndipo Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilipotangazwa, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini.

Sisi wa Tanga tuna sababu yetu ya kulijali jambo hili, nayo ni maji. Mto Sigi, pamoja na Kihuhwi unaoungana nao, ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo inayotunywesha jijini. Wakulima wa huko juu wana umoja wao, UWAMAKIZI, unaoshughulika na kilimo kisichoubomoa ukingo wa mto, na mamlaka yetu ya maji ilipouza hatifungani ya kijani, yaani hati za kukopa fedha kwa miradi ya mazingira, mwaka 2024 ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 50 kwa ajili ya huduma hiyo ya maji. Nafurahi kwamba fedha zinapatikana. Hata hivyo naamini kwamba mtu aliyewahi kuisukuma baiskeli yake kando ya Sigi, akaona jinsi shamba moja lililolimwa hadi mdomoni mwa kijito linavyoyageuza maji kuwa rangi ya chai ya maziwa, ataelewa umuhimu wa kazi ya wakulima wale kuliko aliyeisoma kwenye tangazo. Ningependa kila shule ya sekondari ya Tanga ipandishe wanafunzi wake angalau mara moja, kuanzia lango la Sigi, kwa miguu.

Kinachotuzuia, kwa maoni yangu, ni dhana kwamba kutembea na kuendesha baiskeli ni alama ya umaskini, na kwamba mtu akishapata kazi anapaswa kuonekana garini. Kwa dhana hiyo tumewaachia wageni kutoka Ulaya raha ya milima yetu wenyewe. Wao hulipa kiingilio, hukodi mwongozaji wa kijijini, hutembea siku tatu, na hurudi kwao wakiwa wanaijua njia ya kilima cha Mbomole kuliko mzaliwa wa Muheza. Siwaonei wivu, nasikitika kwa upande wetu.

Sasa nije kwenye ombi. Juu ya Amani, ukielekea mashamba ya chai, kuna mahali ambapo vilima viwili vinaachiana nafasi, na kijia cha watu hupita hapo kuingia bonde la pili. Kwa baiskeli ni mapito magumu lakini ya haki: unapanda nusu saa, unapata upepo, unateremka nusu saa. Wanafunzi na akina mama waendao sokoni na iliki zao hukitumia kila siku. Barabara ya gari ilipochongwa upya, mkandarasi aliumwaga udongo wote upande wa chini, ukakifukia kijia hicho kwa urefu wa kama hatua 60, na hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimeharibiwa, kwa kuwa kwenye vitabu vya ujenzi njia ya mguu haihesabiwi kuwa njia. Ninaomba ihesabiwe. Barabara ikitengenezwa, kijia kinachoikata kitengenezwe nayo, kiwekewe ngazi za mawe na mfereji wa kando, maana maji ya mvua yakishakifanya kijia kuwa korongo, udongo wake unaishia Sigi, na kutoka Sigi unaishia Mabayani.

Nilipopita Julai lile tuta lilikuwa bado pale. Wanakijiji walikuwa wameanza kulichonga wenyewe kwa jembe, wakapata vidato 11, vya juu vikiwa vipana na vya chini vikiwa vimeshaliwa na maji. Niliitwika baiskeli begani nikaanza kupanda, na msichana wa shule aliyekuwa akiteremka na ndoo kichwani akasimama kando, akanionyesha kwa mguu kidato kisichofaa kukanyagwa.