Mapigo ya Wakati Yaachiwe Kaunta, Si Programu

Wapo wahandisi hodari wanaoamini kwamba ukishakuwa na prosesa yenye kasi na mfumo endeshi wa wakati halisi, inatosha kuandika kitanzi cha programu, yaani maagizo yanayojirudia, kinachowasha na kuzima pini ya kadi ya kukusanyia data (kifaa kinachoiunganisha kompyuta na vipimo na mitambo ya nje), na mapigo ya umeme yatakayotoka yatakuwa sahihi. Sikubaliani nao; kazi hiyo iachiwe kaunta, saketi ya kuhesabia iliyomo ndani ya kadi. Mfumo wa wakati halisi huahidi kwamba kazi itakamilika kabla ya muda wake kupita. Hauahidi kwamba itaanza katika nukta ileile kila mara. Tangu mwaka 2024, toleo la 6.12 la kiini cha mfumo endeshi wa Linux limebeba uwezo wa wakati halisi ambao kwa miaka mingi uliongezwa kama kiraka kutoka nje, nami naifurahia sana hatua hiyo. Hata hivyo, programu bado huamshwa kwa kuchelewa kunakopimwa kwa mikrosekunde, na kuchelewa huko hubadilika kadiri vifaa vingine vinavyogombania kumbukumbu na njia za data.

Tuchukue mota inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, ambayo tunataka kuipiga picha ikiwa kwenye pembe ileile katika kila mzunguko. Mota hiyo hupita nyuzi 18 kwa kila milisekunde. Pigo la kuifyatua kamera likichelewa mikrosekunde 10, kosa ni nyuzi 0.18, na pengine linavumilika. Lakini kitanzi cha programu kinaweza kukaa ndani ya mikrosekunde 10 kwa saa nzima, kisha kikaruka hadi 200 mara moja tu, na wastani ukaendelea kupendeza. Ndiyo maana siuamini wastani katika kazi hii; ninachotaka kuonyeshwa ni kuchelewa kukubwa kuliko kote.

Kaunta iliyomo ndani ya kadi hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Hupewa saa ya msingi, yaani mapigo ya kuhesabia yanayokuja kwa mwendo mmoja, tuseme ya megahezi 100, pamoja na namba mbili: pini ibaki juu kwa hatua ngapi na chini kwa hatua ngapi, kila hatua ikiwa nanosekunde 10. Ikishaanza, prosesa inaweza kuelemewa na diski au mtandao bila mapigo kutikisika. Si kwamba haina mipaka. Kaunta huhesabu hatua kamili tu, kwa hiyo anayetaka kilohezi 30 atahitaji hatua 3,333 na theluthi, jambo lisilowezekana. Akichagua 3,333 atapata takriban hezi 30,003, na baada ya saa moja mapigo yatakuwa yamezidi kwa kama 10,800. Anayehesabu mapigo ili kujua muda uliopita lazima alijue hilo mapema.

Uzuri mkubwa zaidi wa kaunta, ambao naona hautumiwi vya kutosha, ni kwamba hailazimiki kuhesabu mapigo ya saa hiyo ya msingi. Katika ile mota yetu, tukifunga kisimbaji, kihisi cha mzunguko wa mota, kinachotoa mapigo 3,600 kwa mzunguko na kuyafanya hayo ndiyo chanzo cha kuhesabia, kila hatua inakuwa sehemu ya kumi ya nyuzi. Alama ya mwanzo wa mzunguko huiamsha kaunta, nayo huhesabu 450 na kufyatua kamera kwenye nyuzi 45. Mota ikipunguza au kuongeza mwendo, picha hubaki kwenye pembe yake, ilhali muda uliopangwa kwa mikrosekunde ungekuwa umeharibika papo hapo.

Programu ibakiwe na nini, basi? Ibaki na uamuzi: kusoma vipimo, kukokotoa, na kupeleka thamani mpya kabla ya pigo linalofuata. Napendelea pigo la kaunta ndilo liamshe kitanzi cha udhibiti, badala ya kitanzi kuisukuma kaunta, kwa sababu hapo kadi yenyewe inaweza kutoa taarifa kitanzi kinapokosa zamu yake. Kwa taa inayowaka na kuzima mara moja kwa sekunde, programu peke yake inatosha, wala sioni sababu ya kupoteza kaunta kwa kazi hiyo.

Mapigo yakishatoka, yapimwe. Wengi huyarudisha kwenye kaunta ya pili ya kadi ileile, wakaona namba zisizobadilika, wakaridhika. Kipimo hicho hakiwezi kufichua kosa la saa yenyewe, kwa kuwa kaunta zote mbili zinategemea fuwele moja, ile inayotoa mapigo ya saa ya kadi. Fuwele yenye kosa la sehemu 50 kwa milioni huweza kupotea kwa sekunde 4.32 kwa siku, na kadi mbili za aina hiyo, kila moja na fuwele yake, zinaweza kuachana kwa mikrosekunde 100 katika kila sekunde. Kadi zinazofanya kazi pamoja zishirikishwe saa moja ya marejeo, na kosa la saa hiyo lipimwe kwa chanzo kilicho nje ya mfumo, kama vile pigo la kila sekunde kutoka kwenye kipokezi cha GPS.