Hiyo haikuwa insha, weka kalamu nyekundu chini

Jumamosi tatu sasa kile kiti cha karibu na dirisha kiko wazi na hakuna mtu kwa grupu yetu ya kuandika anauliza mwenyewe alienda wapi. Acha niulize mimi, juu hii kitu imenikaa kifuani tangu hiyo siku na imekataa kushuka.

Mnajua huwa tunakutana juu ya hoteli moja ya chai kando ya Jogoo Road, watu nane, siku zingine kumi na wawili, kila mtu na daftari lake. Tunaagiza chai na mandazi, mtu anaweka dakika 10 kwa simu, tunaandika bila breki. Ndio jina tumeipa. Biki haisimami, hakuna kurudi nyuma kufuta, huulizi ngeli, na ukikosa la kusema unaandika "sina la kusema sina la kusema" mpaka kitu kingine kije chenyewe. Simu ikilia tunaweka biki chini na anayetaka kusoma anasoma.

Hiyo Jumamosi akasoma dada mmoja wa Kayole, ilikuwa mara yake ya pili kuja. Mamake anauza viatu vya mitumba Gikomba na alikuwa ameandika vile wanafungua beli kabla kupambazuke, wateja wamezunguka wanagombania kamera, yaani vile vizuri vya kwanza kuchaguliwa, tochi za simu kila mahali, na katikati ya hizo kelele zote mamake anaokota kiatu kimoja cha mtoto, anaingiza mkono ndani, anapapasa soli polepole halafu anasema, "Huyu alikuwa anatembea akiegemea kushoto."

Nywele zilinisimama. Huyo mama saa kumi na moja alfajiri, na vidole tu, anasoma mwendo wa mtoto hajawahi kumwona, wa nchi hajawahi kufika. Mimi nimeandika kwa miaka na sijawahi kupata sentensi kama hiyo.

Kabla hata chai yake ipoe, kaka mmoja wa grupu, mtu ameshachapishwa na tunamheshimu, akasafisha koo akaanza. Kwamba "viatu zilikuwa" ni kosa. Kwamba kuna sentensi haina kitenzi. Kwamba ameanzisha sentensi nne na "halafu". Kumbe alikuwa anahesabu wakati sisi tunasikiliza, makosa 11. Akamaliza kwa kumwambia akizidi kusoma vitabu siku moja atafika. Dada akasema asante sana, akatabasamu, akakunja karatasi mara nne mpaka ikawa ndogo kama pesa ya kuficha, na wiki iliyofuata akatuma meseji kwamba kazi imembana.

Haijambana. Najua hiyo meseji, nimewahi kuituma.

Sasa nikilalamika naambiwa ukweli unauma, mwandishi lazima awe na ngozi ngumu, tusilee watu kama mayai. Na mimi nauliza, huo ukweli ulikuwa wa nini haswa? Huyo dada hakuleta hadithi ya kuchapisha. Alileta dakika 10. Kumhesabia mtu makosa kwa kazi ya bila breki ni kumsimamia akikuna nazi halafu umwambie wali haujaiva. Bado hata moto hajawasha.

Na hii si kitu tulitoa kwa hewa hapo Jogoo Road. Mwalimu wa Marekani anaitwa Peter Elbow aliandika kitabu mwaka 1973 akaeleza hivi vitu viwili pamoja, kuandika dakika 10 bila kusimama na kukaa na wenzako mkisomeana bila mwalimu. Huyo mtu hakuwa anaongea kama mtu kazi ya kuandika ilimjia rahisi, alikuwa ameacha masomo ya juu Harvard kwa sababu maneno yalikataa kutoka. Kitu alisema kilinisaidia ni kwamba kuandika na kusahihisha ni kazi mbili tofauti, na ukizifanya wakati mmoja kila moja inaharibu nyingine. Ndio maana unakaa mbele ya ukurasa saa nzima una sentensi moja umeiandika mara tisa. Kabla yake Dorothea Brande, mwaka 1934, alikuwa ameshawaambia watu waamke nusu saa mapema waandike kabla hawajasoma kitu wala kuongea na mtu. Julia Cameron akaja 1992 na kurasa zake tatu za asubuhi, za mkono. Njia ni nyingi, chagua yako.

Lakini wenzetu wa huko walikuwa wanapigana na woga wa kwao. Sisi tuko na wa kwetu na jina lake ni insha.

Kama ulisomea hapa Kenya kabla KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, iishe 2023 unajua naongea nini. Dakika 40, alama 40. Na ile daftari ya misemo tulikuwa tunakariri kama sala: nilirauka alfajiri na mapema kabla ya jogoo kuwika, kijasho chembamba kikanitiririka, ama kweli wahenga hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa walipolonga kwamba. Kila mtoto Kenya nzima alirauka, hakuna aliyeamka tu.

Nikiwa darasa la sita mjomba wangu alifariki na tukapewa insha ya siku sitaisahau. Nikaandika vile tulikaa nyumbani na watu wengi na hakuna mtu aliniambia kitu, nikajua tu nilipoona viatu vyake vimewekwa nje ya mlango wa stoo na shangazi anavipita bila kuviangalia. Niliandika na vile ilikuwa, maneno yangu ya kawaida. Nikapata 17, na pembeni kwa wino mwekundu, "Haina mapambo." Muhula uliofuata nikaandika ajali ya basi ambayo haikuwahi kutokea, nikajaza tanakali na methali mpaka ikashiba, nikapata 34 na ikasomwa mbele ya darasa. Fikiria vile mtoto wa miaka kumi na mbili anaelewa hiyo. Nilielewa kwamba kitu cha kweli ni 17 na cha kubuni chenye marembo ni 34, na nikabeba hiyo hesabu miaka kumi na tano, shule ya upili, chuo, kazini, kila nikishika biki kuna mtu amesimama nyuma ya bega langu na wino mwekundu.

Kuandika bila breki ndio kulimtoa huyo mtu begani. Si siku moja. Naandika kila asubuhi kabla nitoke kwenda steji, mwezi wa kwanza ilikuwa bei ya unga, tokeni za stima zimeisha, mwenye nyumba amepiga simu, kurasa kwa kurasa na sitawahi kuzisoma tena. Halafu asubuhi moja, karibu wiki ya sita, biki ikaandika "viatu vya mjomba" na mimi nikalia kwa meza saa kumi na mbili kasoro nikiwa nimeshavaa nguo za kazi. Ilikuwa imekaa huko ndani wakati wote huo, inangoja mtu asiipe alama.

Kwa hivyo naposema tusimsahihishe mtu akisoma kitu kibichi sisemi hivyo juu ya upole. Nasema juu najua kile kinarudi kujificha.

Na wengine mtasema basi tumpigie makofi tu. Hapana, hayo pia siyataki. "Kazi safi," "moto sana," vidole gumba vitano, hiyo ni kumwambia mtu kwamba hukusikiliza. Nikikusomea kitu kimetoka tumboni halafu uniambie ni kizuri sana, narudi nyumbani mikono mitupu, sijui ni nini kizuri, kesho sitajua nirudie nini.

Kumsaidia mwandishi ni kazi, inataka masikio. Huyo huyo Elbow alisema msomaji asijifanye hakimu, aseme tu nini kilitokea ndani yake akisikiliza, ni maneno gani yalimbaki, ni wapi alichangamka na ni wapi akili ilitoroka. Hapo penye mkono ndani ya kiatu niliacha kupumua. Hapo kwa bei nilipotea, sikujua ni nani anaongea. Nilitaka kukaa na mamako kidogo zaidi. Hakuna uongo hapo, hakuna kumlea mtu kama yai, na hilo la kupotea ni kali kuliko kosa la ngeli lakini linampa pa kuanzia kesho. Na mwenye kazi anyamaze asikilize, asijitetee, asiombe msamaha. Hii ya kuomba msamaha sisi tunaifanya sana, "si poa sana lakini wacha nisome tu." Sitaki kuisikia tena.

Sawa, nitakubali moja. Ngeli ni muhimu. Kitu kikienda kwa mhariri lazima kiwe kimenyooshwa, na siku hiyo nitamtafuta huyu kaka mwenyewe nimpe kazi yangu na nimnunulie biki nyekundu, kwa sababu jicho lake ni zuri na anapenda hii lugha kwa dhati. Aliniambia baadaye kwamba washairi wetu walikomaa kwa kuchambuana, akamtaja Muyaka wa Mombasa na majibizano ya mashairi. Ni kweli. Lakini Muyaka alikuwa anajibizana na malenga wenzake, watu wameingia ulingoni wenyewe na shairi limepimwa mizani, na jibu la shairi lilikuwa shairi. Ukitaka kumjibu dada wa Kayole, basi na wewe andika dakika 10 za mamako, utusomee.

Akaniambia pia Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kitabu akiwa jela ya Kamiti mwaka 1978 kwa karatasi za choo bila grupu ya kumbembeleza. Hilo lilinikasirisha kweli. Mtu afungwe bila kesi, aandike akiibia askari jela, halafu sisi tuchukue hayo mateso tuyafanye kipimo cha mtu anakuja kunywa chai na sisi Jumamosi. Maisha tayari ni magumu hapa mjini, hakuna haja tumwongezee mtu jela ndogo kwa meza.

Lakini si yeye ndio hunikosesha usingizi. Ni mimi. Hayo makosa 11 yakisomwa nilikuwa nimekaa hapo karibu na yeye, ile sentensi ya kiatu bado iko mwilini mwangu, na nilinyamaza. Nilisema kwa roho nitamwambia tukishuka ngazi. Tukashuka, kukawa na mvua, kila mtu akakimbilia matatu yake. Sisi wengine saba tulinyamaza pia, na kwa yule dada kimya chetu kilikuwa kura saba za yule kaka. Ningesema sentensi moja tu hapo mezani. Ingechukua sekunde kumi.

Juzi usiku nikamwandikia. Sikumwomba arudi, nilimwambia tu kwamba sijasahau mkono wa mamake ndani ya kile kiatu, na vile alisema mtoto alikuwa anaegemea kushoto, na kwamba tangu siku hiyo nikipita mahali viatu vimepangwa chini naangalia soli.

Alikaa kimya mpaka asubuhi. Halafu akajibu, "Dada, hiyo sentensi niliifuta. Nilirudi nyumbani nikasahihisha yote na hiyo ndio nilitoa kwanza, nilidhani ndio mbaya kabisa. Karatasi nilitupa."

Nikashuka steji ambayo si yangu, nikasimama kando ya barabara, nikamwandikia yote upya vile niliisikia, beli, tochi, mkono, kushoto, na "viatu zilikuwa" nikaiacha hivyo hivyo. Nikamtumia.