Mjitolea Kafika, Nani Atajitolea Kumpokea?

Mnielewe kwanza, sina ugomvi na wageni. Wamisionari wa Leipzig, Walutheri wa Ujerumani, walipanda huku mlimani Kilimanjaro mwaka 1893, hawajui hata pombe ya mbege inapikwa na nini, tukawapokea na wakakaa. Shida yangu ni hawa wa miezi 12. Jumapili linasomwa tangazo: usharika utapata mjitolea wa huduma ya vijana kutoka Ujerumani. Makofi, pambio, vigelegele. Halafu mzee wa kanisa anauliza nani atamwangalia, na benchi zote zinageuka kwa mwenyekiti wa vijana kama alizeti kwenye jua.

Ugomvi unaanzia kwenye neno lenyewe, vijana. Ule mpango wa serikali yao wa kutuma wajitolea, weltwärts, ulioanza 2008, huchukua watu wa miaka 18 hadi 28. Kwa hiyo anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA mara nyingi ana miaka 19, shule kaimaliza juzi, na kichwani mwake kijana ni mtoto wa miaka 14 mwenye chunusi. Sasa Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 ikaandika kwamba kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Jumamosi mgeni anaingia ukumbini anamkuta benchi la mbele fundi gereji wa Pasua, miaka 34, mke mmoja, watoto wawili, anadaiwa kodi. Anaambiwa tuanze na mchezo wa kuchangamka: kila mtu aige mnyama anayempenda. Fundi anamwangalia mwenyekiti. Mwenyekiti anaangalia dari. Mwisho fundi anasema yeye ni kobe, anabaki palepale alipokaa, na kwa kweli hakuna aliyeigiza vizuri kumzidi.

Hapo ni kama mgeni kafika kwa wakati. Ukimwambia "saa kumi," anaingiza 10 kwenye simu na anatokea saa nne asubuhi, anakaa chini ya mwembe na gitaa lake, mbuzi wa jirani wanamzoea. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, simu yake inahesabu tangu usiku wa manane, tofauti ni sita. Usimwelezee kwa mdomo, atakuitikia tu. Mwandikie kwenye karatasi saa zote mbili, ya kwetu na ya simu, aibandike mlangoni. Akishaelewa ndipo linakuja la pili: yeye saa kumi kamili kafika, vijana wanaanza kujitokeza kumi na moja kasoro, na hakuna karatasi ya kueleza hilo.

Usafiri nao. Mkabidhi kwa bodaboda bila maelekezo uone. Boxer na TVS zote ekzosi iko upande wa kulia, na inatoka kijiweni imewaka kama pasi ya mkaa. Mgeni anapandia hukohuko kulia, na shavu la mguu linagusa bomba. Akifika nyumbani ana lengelenge la ukubwa wa yai, na mama mwenye nyumba anataka kulipaka dawa ya meno. Hapana! Maji baridi yanayotiririka, dakika 20, na malengelenge yasipasuliwe. Na somo ni maneno mawili tu: panda kushoto. Mbona semina zao za maandalizi hazifundishi hili? Wanafundishwa mshtuko wa utamaduni. Mshtuko wa ekzosi je?

Kwenye kwaya ndiyo usiseme. Mgeni anajua muziki, hilo hatumpingi, na kaja na mafaili ya nota za mistari mitano. Anagawa. Kimya. Kwaya zetu zinasoma sol-fa: d, r, m, f, s, l, t, na juu ya karatasi imeandikwa Doh ni G, basi. Nukta mbili ni pigo, mstari mlalo ni kuvuta sauti. Mama wa alto aliyeishia darasa la saba anaisoma sol-fa kama gazeti, ila ile mistari mitano kwake ni waya za TANESCO zilizotuliwa na ndege. Mwanamuziki wa miaka kumi ya piano anaonekana hajui kusoma, na mama wa alto anaonekana hajui muziki, na wote wawili wanajua. Dawa ni kumkalisha na mwalimu wa kwaya jioni mbili, wageuze wimbo mmoja sauti zote nne. Usimwachie afundishe besi kwanza. Teno zetu huiba besi.

Anayehitaji kufahamu vijana wana nini moyoni asiulize "mna maswali?" Hawana. Hawajawahi kuwa nayo mbele ya mgeni, mchungaji na mama mkwe wa mtu. Gawa vikaratasi na kalamu, visiandikwe majina, vikusanywe kwenye kapu la sadaka. Hapo utapata: mchumba Mkatoliki, nani ahame? Mahari inadaiwa ng'ombe na mimi naishi chumba kimoja Majengo. Namaliza chuo mwaka wa tatu huu, kazi iko wapi? Na karibu nusu ya kapu ni swali moja, visa ya Ujerumani inapatikanaje. Mgeni anaona haya kana kwamba kaificha yeye. Mwambieni hivi: tangu 2013 mpango huohuo unapeleka pia vijana wa huku kujitolea kule, ila nafasi hupitia mashirika yanayoshirikiana, haziko kwenye begi lake.

Nakuja kwenye kambi ya vijana, na hapa niachieni niongee. Mgeni anaomba apange bajeti ya chakula, anatoa kikokotoo. Kwao mchele mkavu ni gramu 80 kwa kichwa, vijana 100, kilo 8. Kilo nane! Hizo zinaishia kwa wapishi na waonjaji. Kijana aliyetembea kutoka Rau hajanywa chai, gramu 220 anazimaliza huku anazungumza. Andika mchele kilo 22 mpaka 25 kwa mlo mmoja, maharage kilo 12 yaliyolowekwa tangu usiku, la sivyo kuni zitaisha yakiwa bado kokoto, na sukari ya chai kilo 3. Kisha ongeza robo, maana wamejiandikisha 100 ila habari ya pilau haijiandikishi. Na mpishi aulizwe mchele ni wa lini: wa Mabogini uliovunwa karibuni hautaki maji mengi kama uliokaa stoo, ukiupimia sawasawa na wa zamani mnakula bokoboko kwa kijiko.

Usiku ni filamu. Projekta ipo, shuka jeupe lipo, waya wa kurefusha upo. Mita ya LUKU imekuwa ikipiga kelele tangu Ijumaa, kila aliyepita kadhani ni panzi. Yesu anakaribia kutuliza bahari, giza. Hela ya umeme anayo mhazini, mhazini yuko msibani Kibosho, simu yake haipatikani. Akipatikana, zile tarakimu 20 za tokeni anazisoma kwa mdomo, na anayebonyeza anakosea ya 17. Nunua umeme kabla ya kununua mchele, utanikumbuka.

Jumapili baada ya ibada kuna mnada nje ya kanisa. Mkungu wa ndizi, trei la mayai, parachichi, kuku hai, vyote ni sadaka za waumini zinazogeuzwa fedha. Mtu anapanda bei, anashinda, kisha kwa upendo anatamka: "Huyu kuku nampa mgeni wetu." Mgeni hali nyama. Alishalisema hilo siku ya kwanza, mama akamwelewa, akaacha nyama akampikia kuku.

Sasa kuku amefungwa miguu, yuko mapajani mwa Mjerumani kwenye kifodi, konda anadai nauli ya wawili. Hapo ndipo linapotendeka kosa kubwa kuliko la ekzosi: anampa kuku jina. Mzuieni, jamani. Akifika nyumbani akiitwa Heidi, hakuna mtu wa kumchinja tena, si Pasaka, si Krismasi watoto wa Dar wakirudi, si hata mjomba akija kutoka Rombo na kisu chake mwenyewe. Agosti mgeni karudi kwao, anaamkia wazee, anapanda kushoto, anasoma sol-fa. Heidi yumo bandani anakula pumba za bure. Septemba linasomwa tangazo lingine, na mama anataka tu kujua kama huyu anakula mayai.