Bei ya Mnada wa Jirani

Shemeji yangu aliuza korosho zake mnada wa kwanza, hela ikaingia benki, na kwa siku chache hizo alikuwa mtu kweli. Kamlipa mwenye mashine ya kupulizia salfa, kamaliza deni la vibarua wa palizi, kanunua bati za ule upande wa nyumba unaovuja tangu masika ya mwaka juzi. Ijumaa akashuka hapa Mikindani kunisalimia, kanzu mpya, mkononi mfuko wa ming'oko, ile mizizi yetu ya kuchemsha. Tukakaa barazani tunamenya, tunachovya kwenye chumvi na pilipili, tunacheka. Simu ikalia. Mtu wa Tandahimba anamwambia mnada wa pili bei imepanda shilingi 90.

Ndugu zangu, sijawahi kuona furaha ikikata roho namna ile. Mng'oko ukabaki mkononi, umemenywa nusu. Akaomba kalamu, akazidisha 90 kwa kilo zake 1,150 nyuma ya kadi ya mchango wa harusi, akapata 103,500, akaitazama kama anatazama maiti. "Shem, nimeibiwa."

Nani kakuibia? Asubuhi ile ile alikuwa anamshukuru Mungu kwa hela hiyo hiyo. Haikupungua hata senti. Kilichoingia hapo barazani ni bei ya mtu mwingine, na ikakaa kwenye mkeka wetu zaidi kuliko mgeni mwenyewe.

Nimekasirika tangu siku hiyo, na sijamkasirikia yeye peke yake. Mimi nilisema miaka 11 kwamba nikimaliza nyumba nitatulia. Nikamaliza. Usiku wa kwanza nimeketi sebuleni kwangu, taa inawaka, na nilichokiona ni madirisha ya aluminiamu ya nyumba ya mbele. Yangu ya nondo na wavu yakaanza kuniuma pale pale.

Wote tunajua kangomba. Mwezi wa saba unga umekwisha, mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, anakuja mtu na kopo lake, anakupa vijisenti, na mavuno yanakuwa yake kabla hayajaonekana. Tunamlaani, na anastahili. Lakini moyoni tunafanya kangomba iliyogeuzwa: tunatoa leo, tena kwa bei ya kutupa, tukiahidiwa kesho. Msimu ukifika nitapumzika. Mtoto akimaliza chuo nitacheka. Msimu unafika kila mwaka, Oktoba haijawahi kukosa, na bado hatujapumzika. Tumeshauza leo ngapi?

Kuna mhamasishaji alikuja mjini, kiingilio 20,000, akasema furaha iko ndani yako. Kama iko ndani yangu, ile 20,000 ya mlangoni ilikuwa ya nini? Sikwenda. Aliyekwenda akanisimulia huku akilalamika kwamba waliokaa mbele walipewa maji ya chupa.

Haya, nakubali, na sikubali kwa kupenda: maneno haya ya kuridhika yana mdomo mbaya yakisemwa na mwenye shibe. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza kununua yenyewe korosho kwa bei ya 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kuzisomba, wapo waliosubiri malipo yao miezi na miezi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia atafute furaha ndani ya nafsi yake, umemtukana. Anachodai ni haki yake, na adai kwa sauti.

Ila shemeji yangu hakudhulumiwa. Alipeleka mzigo, akapata bei, akalipwa. Wazee wetu wana neno kukinai, na mimi nalipenda kwa sababu ni neno la tumbo. Aliyekula akakinai hanyanyui shingo kuchungulia sahani ya jirani ina minofu mingapi. Hana haja. Sisi tumeshiba na shingo bado imenyooka, na sasa simu imeirefusha zaidi: bei ya Newala, bei ya Masasi, bei ya Nachingwea, zote mkononi kabla hujanawa uso. Zamani ulisubiri mtu ashuke na basi ndipo ujue umezidiwa. Ulikuwa na siku mbili tatu za amani, angalau kwa ujinga.

Juzi mnada wa tatu umeshuka, umekwenda chini hata ya ule wake wa kwanza. Alinipigia saa mbili usiku, anacheka mpaka anakohoa, anawataja kwa majina waliogoma kuuza wakingoja bei ipande. Sauti ya furaha tupu. Nikamuuliza kama bati zimeshapigwa, maana mawingu ya upande wa Ruvuma yameanza kuwa mazito.

Akasema bado, zimeegemezwa kwenye mwembe.